Asiyesikia la Mdogo

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, milima ya Uluguru imesogea. Zamani kwenda Morogoro na watoto ilikuwa safari ya foleni ya Kibaha, mtoto mmoja kutapika kabla ya Chalinze na mwingine kulia njaa baada yake, na mtu akifika hana hamu ya kupanda chochote isipokuwa kitanda. Siku hizi familia inatoka Dar asubuhi, chini ya saa mbili imeshashuka stesheni, na kabla jua halijakaza baba ana kofia, mama ana chupa za maji, watoto wana raba mpya ambazo hazijawahi kukanyaga vumbi, na wote wanatazama juu ambako wingu limelala mgongoni mwa mlima. Tiketi ya kurudi jioni imeshalipiwa. Imo kwenye simu, na ina saa na dakika.

Naanzia kwenye tiketi hiyo kwa sababu ndiyo inayoamua mengi yatakayotokea huko juu. Watu wakizungumza habari ya kupeleka watoto wadogo milimani, swali la kwanza huwa nyoka. La pili chui, ambaye hata akiwepo hana haja na kelele zetu. Nyoka tutafika kwake. Lakini kitu ninachokihofia kuliko vyote kwenye njia ya mlimani ni mtu mzima aliyepania kufika. Amewatangazia wenzake kazini kwamba Jumamosi familia nzima itapanda hadi Morningside, kwenye ile nyumba ya kale ya Wajerumani. Ameahidi picha. Ana treni ya kuwahi. Basi kila mtoto anaposimama, yeye anahesabu hasara.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyolelewa, na nyumbani methali hiyo haina mjadala. Mlimani mambo hupinduka. Kule anayevunjika guu mara nyingi ni mdogo, na asiyesikia ni mkuu.

Mtoto wa miaka minne hana maneno ya kueleza kila kinachomsibu. Ana neno moja, "nimechoka", na analitumia kwa kiatu kinachobana, kwa kiu, kwa mkojo, kwa baridi, kwa kichwa kinachouma, kwa hofu ya daraja la magogo, na hata kwa uchungu wa kaka yake kumpita. Mzazi mwenye tiketi anasikia maana moja tu, uvivu, na jibu analo: "Jikaze, tumekaribia." Kiongozi naye humsaidia kudanganya. Ukimuuliza mwendo uliobaki, anainua kidevu kuelekea juu na kusema, "Hapo tu." Nawapenda viongozi wa Uluguru, lakini "hapo tu" yao isiaminiwe na mtu mwenye mtoto. Ni kipimo cha Mluguru aliyezaliwa kwenye mteremko ule ule, ambaye mama yake hushuka alfajiri na tenga la karoti kichwani hadi Soko la Chifu Kingalu, akauza, akapanda tena kwake. Mtoto wa Tabata anashushwa na basi la shule mlangoni.

Tena uchovu wa mtoto hauji kama wetu. Sisi tunachoka kidogo kidogo na tunajua. Mtoto hukimbia, huruka, huokota fimbo na kupigana na majani, kisha ghafla anakaa chini katikati ya njia na hakuna kinachomwinua, hata pipi. Ila kabla ya kukaa dalili huwa zimeshapita mbele ya macho yetu. Mpiga soga amenyamaza. Anajikwaa kwenye mizizi ambayo muda mfupi uliopita alikuwa anairuka. Anagombana na dada yake kwa sababu ya jani. Kanuni yangu ni kutosubiri akae. Mtoto akinyamaza, tunatafuta mahali pa kukaa, zinatoka ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha, maji yanazunguka. Maneno yakirudi, tunaendelea. Yasiporudi, tunageuza, na hapo tulipokaa ndipo kilele chetu cha siku hiyo.

Wengi husahau kwamba kufika juu ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Wanaoanguka huanguka wakishuka. Magoti yamelegea, vidole vya miguu vinagonga ncha ya kiatu kwa kila hatua (kucha za watoto zikatwe usiku wa kuamkia safari, wengi hawalijui hili mpaka waone ukucha mweusi), na udongo mwekundu wa Uluguru ukishapata manyunyu unateleza kama sabuni. Hapo ndipo mtoto anahitaji nguvu zake zote, na hapo ndipo yule aliyevutwa mkono hadi juu anakuwa hana hata tone.

Akishindwa kabisa, atabebwa. Akina baba hupenda mabegani kwa sababu mtoto anafurahi na picha inapendeza, lakini mzigo ukiwa juu namna ile mwili unayumba, macho ya mbebaji hayaoni miguu yake vizuri, na matawi yote ambayo baba anayapita kwa kuinama kidogo yanamkuta mtoto usoni. Mgongoni kwa kanga au mbeleko ni bora mara kumi. Uzito unakaa karibu na mwili, mikono inabaki huru kushika fimbo au mti. Kwenye hili bibi zetu hawana cha kujifunza kutoka dukani.

Ila kubeba nako kuna mtego wake, na huu sijausikia ukitajwa mara nyingi. Anayebeba anapanda mlima na mzigo, anatoka jasho, anavua koti. Kwake kuna joto. Mtoto aliye mgongoni hafanyi kazi yoyote. Mwili wake mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo joto linamtoka upesi kuliko linavyomtoka mkubwa, na nguo zake zimelowa ukungu, pengine na jasho la mbebaji. Baba anasema hali ya hewa safi kabisa, na mtoto amenyamaza, na wote wanadhani amelala. Usipime baridi ya mtoto kwa mwili wako. Ingiza mkono nyuma ya shingo yake, chini ya nguo. Viganja na pua hudanganya, shingo haidanganyi. Ikiwa ya baridi, mvalishe sweta kavu, ile iliyokaa ndani ya mfuko usiopitisha maji tangu asubuhi, na mteremke. Uluguru hakuna theluji. Haihitajiki.

Tukubali pia kwamba mtoto hakuja kupanda mlima. Amekuja kwa jongoo.

Jongoo anavuka njia, mweusi, anang'aa kama amepakwa mafuta, urefu wake unakaribia kiganja cha mtu mzima. Miguu yake inakwenda kwa mawimbi, wimbi moja halijaisha kwenye mkia lingine limeanza kichwani. Mtoto amechuchumaa, makalio yanakaribia kugusa visigino, mikono ameikumbatia magotini. Anamgusa kwa kijiti. Jongoo anajikunja, anakuwa duara lisilo na mwanzo wala mwisho. "Amekufa?" Hajafa, amejificha. "Atatoka saa ngapi?" Sasa hapo ndipo mzazi anatazama simu.

Mwache asubiri. Jongoo akitishwa hutoa majimaji ya hudhurungi yanayochafua vidole, na vidole hivyo vikifika machoni mtoto atalia mpaka kijiji cha ng'ambo wasikie. Kwa hiyo masharti ya jongoo ni haya: tazama kwanza, gusa kwa jani au kijiti, usijipanguse uso, nawa kabla ya kula. Mtoto akishayajua kwa kiumbe asiyeweza kumfukuza, ameyajua kwa msitu mzima. Sioni somo lingine la usalama linaloingia kichwani kirahisi namna hiyo, na linagharimu dakika kumi ambazo baba anaziona zimepotea.

Kwa maana nyoka wa kuhofiwa njiani, kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, ni nyoka anayeadhibu haraka yetu. Nyoka wengi wakisikia ardhi inatikisika huondoka kabla hujawaona. Kifutu ni mnene na mzito, na anaitegemea rangi yake. Analala ukingoni mwa njia kwenye majani makavu na hasogei, anaamini hujamwona, na kweli hujamwona, mpaka umkanyage. Ndiyo maana watoto hawatangulii kwa kukimbia. Mkubwa mmoja anakuwa mbele na fimbo, nyuma yake mtoto mwenye hatua fupi kuliko wote ili mwendo wa kila mtu uwe wake, na mkubwa mwingine anafunga mlolongo. Gogo likilala njiani halirukwi. Unapanda juu yake, unatazama upande wa pili, ndipo unashuka. Shimo haliingizwi mkono hata kama mpira umetumbukia.

Akiumwa? Sumu iliyompata mtoto wa kilo 15 ni ile ile ambayo ingempata baba yake wa kilo 80, kwa hiyo mtoto huumia zaidi na mapema zaidi. Mtulizeni, mvueni kiatu, bangili na chochote kinachobana kabla hakujavimba, mguu ulazwe na ufungwe kwenye fimbo ulegee lakini usitikisike, na abebwe. Asitembee hata hatua. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba, msiweke lile jiwe jeusi ambalo kila ukoo una mjomba anayeliapia. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na kwetu yanayopoteza watu ni pamoja na saa zinazoishia kwenye jiwe na chale wakati dawa iko hospitali. Ulizia kabla ya safari ni hospitali gani iliyo karibu yenye dawa ya sumu ya nyoka. Swali hilo lina adabu likiulizwa Ijumaa kwa simu.

Upupu nautaja kwa sababu lazima upewe haki yake: umeharibia watoto wengi safari kuliko nyoka wote wa mkoa ule. Ganda lake lina manyoya ya rangi ya dhahabu, laini kwa macho, na mtoto hawezi kulipita bila kulipapasa. Ukisugua unazidi kuyaingiza manyoya kwenye ngozi. Dawa ya kwetu ni tope: paka, acha likauke, libandue liondoke nayo, ndipo uoshe. Suruali ndefu ingeokoa yote hayo, lakini nani atamwambia mama kwamba gauni jipya si la msituni.

Sasa maji. Hapa sitanii.

Shirika hilo hilo la afya linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kufa maji kwa mtoto mdogo hakuna kelele. Tumezoea sinema, mtu anapunga mikono na kuita. Mtoto anayezama anatumia pumzi yote kutafuta pumzi, hana ya kuitia. Mzazi yuko hatua sita, anamenya chungwa, na hajasikia kitu. Kwa hiyo kwenye mto sipimi kina, napima mkono wangu: mtoto asiwe mbali kuliko nitakapomfikia bila kuinuka. Na awepo mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kwamba yeye ndiye anayetazama maji. Pale ambapo wakubwa ni wanane na wote wanatazama, mara nyingi hatazami mtu.

Mito ya milimani ina jambo jingine, nalo lilifundishwa Kenya kwa bei ya kutisha. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, jirani na Naivasha, lipo korongo la Ol Njorowa, jembamba, kuta zake zimechongwa na maji ya kale, sehemu nyingine unapita kwa kugusa kuta zote mbili. Aprili 2012 kundi la vijana wa kanisa lilikuwa humo maji yalipokuja, na vijana 7 wakafa. Septemba 2019 yakaja tena, yakasomba wageni waliokuwa kwenye matembezi pamoja na kiongozi wao. Maji yale hayahitaji mvua inyeshe pale uliposimama. Inanyesha vilimani, ardhi ni ngumu na haimezi, kila mfereji unaleta chake, na vyote vinakutana kwenye mlango mmoja mwembamba. Waliomo ndani wanaona kipande cha anga juu ya vichwa vyao, na kipande hicho kinaweza kuwa cheupe.

Uluguru si korongo la Ol Njorowa, ila hesabu ni ile ile. Mgongo wa milima hii unavuna mvua nyingi mno. Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam unaanzia huku, kwa hiyo familia iliyokuja na treni inaoga mvua ya Uluguru kila siku bila kujua. Mto Morogoro unaopita kwenye mawe makubwa ambayo kila mtoto anataka kuyarukia unaweza kuwa kimya na safi wakati juu kumeshafunga. Dalili huja kidogo kabla ya maji yenyewe. Rangi inageuka kutoka maji matupu kuwa chai ya maziwa. Majani na vijiti vinaanza kupita kwa wingi. Jiwe lililokuwa kavu limelowa ubavuni. Halafu sauti, kama lori linalopanda mlima kwa mbali. Akiona moja tu kati ya hayo, mkubwa hamuulizi mtu maswali: watoto wanapandishwa juu ukingoni, viatu na sufuria vinaachwa. Na watoto ndio hasa huona mapema, kwa sababu wao ndio walioinamia maji. Sisi tumeinamia simu.

Kuna kupotea pia, na huko haraka ya wakubwa inajionyesha wazi kuliko kwingine. Watoto hupotea mlolongo unapokatika: wenye miguu mirefu wametangulia, wadogo wamebaki, aliye katikati anadhani yuko na wale na wale wanadhani yuko na hawa. Februari 1981, kwenye mlima Palomar huko California, mtoto wa miaka 9 alitengana na kaka zake kwenye njia fupi karibu na kambi ya familia. Mamia ya watu walimtafuta. Alipatikana siku ya nne, ameshakufa kwa baridi. Ab Taylor, askari wa mpakani aliyesifika kwa kufuata nyayo, alikuwa miongoni mwa waliomtafuta, na yeye na wenzake wakatunga somo la kufundisha watoto mashuleni ambalo kiini chake ni amri moja: ukijiona umepotea, kumbatia mti. Chagua mti, kaa nao, usiondoke. Mti unampa mtoto kitu cha kushika na kuongea nacho, na unawapa watafutaji duara ambalo halikui. Mtoto anayetembea analikuza duara kila dakika.

Katika somo lao kulikuwa na mbinu ninayoipenda kwa werevu wake: kabla ya safari mtoto akanyage karatasi ya alumini ili alama ya soli yake ibaki, watafutaji waweze kuitambua kati ya nyayo mia. Sisi hatuhitaji alumini. Mwanzoni mwa njia pana tope. Mwambie akanyage, piga picha soli, kisha mpige picha yeye mzima alivyovaa siku hiyo. Mzazi aliyepagawa hawezi kukumbuka kama fulana ilikuwa ya njano au nyeupe. Iwe ya njano, au nyekundu. Sare ya kijani ya shule ibaki nyumbani. Filimbi shingoni, na sheria kwamba inapulizwa mara tatu ukipotea na kamwe si kwa mchezo. Sheria hiyo itavunjwa dakika ya tano, vumilieni.

Kwa nyuki tu ndiyo amri ya mti inafutwa. Watoto wetu wana ugonjwa wa kurushia mizinga mawe. Nyuki wakitoka hakuna kukumbatia wala kusimama; ni kukimbia, kufunika uso kwa nguo, kuingia ndani ya nyumba au gari, na kutojitupa mtoni maana watakusubiri juu. Mtoto afundishwe tofauti hiyo kabla, kwa maigizo, uani, mkubwa akiwa nyuki. Wanaifurahia sana.

Mwaka 2023 dunia ilisimulia habari ya watoto wanne wa jamii ya Huitoto huko Kolombia. Ndege ndogo ilianguka nao kwenye msitu wa Amazon tarehe 1 Mei, wakubwa wote waliokuwemo wakafa, mama yao akiwa mmoja wao. Mkubwa wa wale watoto alikuwa msichana wa miaka 13, mdogo hajatimiza mwaka. Walipatikana 9 Juni, siku ya 40, wote wanne hai. Walianza na unga wa muhogo waliouokota kwenye ndege, kisha matunda na mbegu ambazo walikuwa wamefundishwa nyumbani, na sifa nyingi alipewa bibi yao. Sauti ya bibi huyo ilirekodiwa kwa lugha yao na kupazwa msituni kutoka kwenye helikopta, ikiwaambia wakae mahali pamoja. Askari na wenyeji waliokuwa wakiwatafuta waliona nyayo ndogo na masalia ya matunda yaliyotafunwa, wakajua wako hai, na bado ilichukua wiki kadhaa kwa sababu walikuwa wanahama.

Sisimulii hili ili mtu aone kwamba mtoto wa Kimara akifundishwa majina matatu ya matunda ataishi Uluguru siku 40. Hataishi, na wengi wetu tunaomfundisha hatuishi wiki. Kinachonigusa ni yule bibi. Kwetu pia kulikuwa na mtu wa namna hiyo, ila alifundisha kwa zimwi. Bwawa la kuzamisha lilikuwa na zimwi. Pango lenye popo lilikuwa na mzimu. Uwanja tambarare haukuwahi kuwa na chochote, na ukifikiri vizuri utaona mazimwi yote yalipangwa na mtu aliyeijua ardhi kwa makini, mahali hasa ambapo mtoto angeumia na mkubwa hayupo. Wazazi wa leo tumelifukuza zimwi, na nadhani tulifanya vyema, maana mtoto aliyejazwa hofu hukimbia hata mahali pa kusimama, na anayeogopa zimwi atajificha hata sauti ya mtafutaji ikimwita kwa jina. Lakini pale zimwi lilipokuwa linakaa tumepaacha wazi. Mtoto wa mjini anafika kwenye bwawa na hana habari kwamba ni bwawa la aina gani. Mahali pa zimwi panatakiwa maelezo, na maelezo yanataka mtu aliyesimama.

Kilimanjaro, suala la kumzuia mkubwa aliyepania lina kanuni. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 10 haruhusiwi kupanda hadi kileleni. Ugonjwa wa mwinuko unaweza kuanza mtu akivuka mita 2,500 hivi, na dalili zake za kwanza ni kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu na kutolala, yaani mambo yale yale ambayo mtoto wa miaka mitatu huyaonyesha hata akiwa Kariakoo. Hawezi kusema kichwa kinamgonga. Atadeka tu. Kwa hiyo kanuni inasema kwa niaba yake, na mzazi aliyepania hata awe na pesa kiasi gani anabishana na geti. Familia nyingi za Moshi na Arusha huridhika na njia ya Marangu hadi Mandara, mita 2,720, wakaitazama kreta ya Maundi na kurudi siku hiyo hiyo, na hata huko ni mwendo wa mtoto mkubwa kidogo, tena kwa kutazamana usoni kila mara. Milima yetu mingine mingi haina geti la namna hiyo. Uluguru utalipa kiingilio cha hifadhi, utapewa kiongozi, na suala la lini mtoto ametosheka litabaki kwako.

Mimi ningempa mtoto mwenyewe. Kila mtoto anayejua kusema apewe, kabla ya safari, haki ya kuigeuza familia mara moja, bila kuhojiwa na bila kuchekwa njiani wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wajomba watasema huko ni kudekeza, na kwamba wao walitembea kwenda shule kilomita kadhaa peku. Walitembea kweli, kwenye njia waliyoijua kila jiwe, mwendo wao wenyewe, bila mtu wa kuwavuta mkono kuwahi picha. Wasiwasi wao mwingine ni kwamba mtoto ataitumia haki hiyo kila Jumamosi. Ataitumia mara ya kwanza kwa upuuzi, pengine mita mia tatu kutoka mwanzo wa njia, ili aone kama mlisema kweli. Geuzeni. Hiyo ndiyo ada, na ni ndogo.

Kwa sababu mtoto ambaye "nimechoka" yake ilisikika hana haja ya kuikuza iwe kilio. Anazoea kutaja kitu kama kilivyo: kiatu kinauma hapa, nimeona kitu kinasogea, kifua kinanibana. Na siku akiinua kichwa kutoka mtoni akasema, "Baba, maji yamekuwa ya kahawia," baba awe ameshazoea kusimama kabla ya kuuliza una uhakika.